Una wazo na unaogopa kuibiwa? Hatua za kulilinda na kuligeuza biashara

"Nina wazo kubwa ila siwezi kulisema, litaibwa. Nikalisajili wapi?"

Swali hili huulizwa na mama anayetengeneza achari, kijana wa programu za simu, fundi wa kuchomelea aliyebuni mashine ya kukuna muhogo, hata msanii wa vitenge. Hofu yao ni moja. Wengi wamekaa na wazo miaka na miaka, hawajauza hata kimoja, na ulinzi wenyewe hawajaupata. Mwongozo huu ni kwa ajili yao. Nimeuandika kwa taratibu za Tanzania Bara. Panapotofautiana na Zanzibar au Kenya nimetaja.

Jambo moja tulimalize hapa hapa: wazo halisajiliwi. Hakuna dirisha BRELA (wakala wa usajili wa biashara na leseni) wala COSOTA (ofisi ya hakimiliki) unapopeleka wazo ukapewa hati. Kinacholindwa ni kile ambacho wazo limezaa: jina na nembo iliyo juu ya bidhaa, chombo kinachofanya kazi kwa namna mpya, maandishi, wimbo, mchoro, programu. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kulitoa wazo kichwani likawa kitu. Ukishafika hapo, sheria ina mahali pa kukushika mkono.

Kabla hujaanza, kuwa na haya

- Namba ya NIDA. Mfumo wa BRELA wa usajili kwa njia ya mtandao, ORS, humtambua Mtanzania kwa namba hiyo.
- TIN ya TRA. Utaihitaji ukifika kwenye leseni ya biashara.
- Barua pepe yako mwenyewe, ambayo nywila yake unaijua, na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako. Watu wengi hujaziwa fomu na kijana wa steshenari, naye anaweka barua pepe yake. Taarifa ya pingamizi inakwenda kwake, siku zinapita, mwenye mali hana habari.
- Kaunta buku moja mpya, ile yenye kurasa zilizoshonwa. Matumizi yake yapo hatua ya 1.
- Sampuli ya bidhaa, hata kama ni mbaya. Kama ni programu, basi skrini mbili tatu zinazofanya kazi.
- Fedha za ada. Sitataja viwango kwa sababu hubadilika. Viangalie kwenye tovuti ya BRELA siku ile ile unayolipa. Malipo ya serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Anayetaka umkabidhi fedha mkononi "akusaidie", achana naye.

Hatua ya 1: Andika, weka tarehe, na uchunge mdomo

Fungua kaunta buku. Andika tatizo unalolitatua, namna unavyolitatua, na vipimo vyote: gramu, dakika, nyuzi joto, unene wa bati. Chora. Kila ukibadilisha kitu andika ulichobadilisha na sababu yake, weka tarehe na sahihi. Usichane ukurasa wala usifute. Ukikosea piga mstari mmoja uendelee. Kila baada ya muda mtu unayemwamini asaini chini kwamba ameona.

Daftari hili halikupi umiliki. Linakupa ushahidi siku mtakapobishana nani alianza, na linamwezesha wakili au afisa wa BRELA kuelewa ulichonacho bila kukuhoji nusu siku.

Kuhusu mdomo: unaweza kueleza bidhaa yako *inafanya nini* bila kueleza *inafanyaje*. "Mashine yangu inakuna gunia la muhogo kwa nusu ya muda" inatosha kumvutia mteja. Pembe ya meno na mzunguko wa ngoma vibaki kwenye daftari.

Hatua ya 2: Jua ulichonacho ni cha aina gani

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu ulinzi uko wa aina nyingi na kila mmoja una ofisi yake.

*Jina, nembo, kaulimbiu inayotambulisha bidhaa:* hiyo ni alama ya biashara na huduma. Inasajiliwa BRELA. Zanzibar ni BPRA, Kenya ni KIPI.

*Kifaa au njia mpya ya kutengeneza kitu:* ni uvumbuzi, na ulinzi wake ni hataza (patent). Ofisi ni zile zile.

*Wimbo, kitabu, picha, mchoro, programu ya kompyuta:* ni hakimiliki. Hii inakuwa yako tangu kazi inapokamilika, hata kabla ya kusajili. Usajili COSOTA (Zanzibar ni COSOZA, Kenya ni KECOBO) unakupa ushahidi, nao ni muhimu siku ya kudai mirabaha, yaani malipo ya kazi yako kutumiwa na wengine.

*Mapishi, uwiano wa viungo, orodha ya wateja:* ni siri ya biashara. Inalindwa na mikataba na nidhamu yako mwenyewe. Ukishaitangaza imekwisha.

Bidhaa moja inaweza kubeba zaidi ya aina moja. Achari ina jina (alama), lebo yenye mchoro (hakimiliki) na mapishi (siri).

Hakimiliki isikudanganye ukadhani inalinda kila kitu. Edward Said Tingatinga alianza kuchora wanyama wenye rangi kali kwa rangi za mafuta juu ya mbao Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akafariki mwaka 1972. Leo mtindo ule unachorwa na mamia ya watu, kutoka Oysterbay hadi Unguja, na hakuna anayevunja sheria kwa kuchora chui wa madoadoa. Mtindo haumilikiwi. Picha moja iliyochorwa na mtu mmoja inamilikiwa, na ukiinakili ilivyo ukaiuza una kesi. Vivyo hivyo, wewe wa programu, wazo la "kuita bodaboda kwa simu" haliwi lako. Msimbo (code) ulioandika ni wako.

Hatua ya 3: Tafuta kama kipo tayari

Usiruke hatua hii. Ni ya bure na inaokoa fedha nyingi.

Kwa majina: tafuta kwenye mfumo wa BRELA, kisha kwenye hifadhidata ya alama ya WIPO, Shirika la Miliki Ubunifu Duniani. Halafu tembea. Nenda Kariakoo, ingia maduka ya jumla ya bidhaa za aina yako, soma lebo. Tafuta jina Instagram na TikTok. Tafuta na yanayosikika karibu nalo, maana msajili anaangalia pia kama mteja anaweza kuchanganya. Kubadilisha K iwe Q hakukuokoi.

Kwa uvumbuzi: PATENTSCOPE ya WIPO na Espacenet ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya ziko wazi kwa yeyote mwenye bando. Andika maneno yanayoeleza kazi ya kifaa, fungua michoro, linganisha. Ukikuta kitu kinachofanana sana usikate tamaa haraka. Ulinzi wa hataza unafuata mipaka ya nchi. Kama mwenyewe hakuombea Tanzania, au muda wake umekwisha, huenda kutengeneza na kuuza hapa kukawa halali kabisa. Hutaweza kudai ni uvumbuzi wako, lakini biashara unaweza kufanya. Thibitisha na BRELA kabla ya kuwekeza.

Hatua ya 4: Jaribu kwa wateja wachache wanaolipa

Rafiki akisema "wazo zuri sana" hajakuambia kitu. Mtu aliyetoa noti mfukoni, kisha akarudi wiki ijayo kununua tena, amekuambia. Tengeneza kidogo, chupa mia moja au mashine moja ya kukodisha, uza kwa bei halisi, na sikiliza.

Sikiliza hasa wanavyoitumia tofauti na ulivyokusudia. Mwaka 2005 M-Pesa ilianza majaribio Kenya kama njia ya wakopaji wadogo kurejesha mikopo kwa simu. Watu wa majaribio wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao. Safaricom walipoizindua Machi 2007 waliiuza kama huduma ya kutuma pesa nyumbani, na ndiyo tunayoijua. Wangeng'ang'ania marejesho ya mikopo, sijui kama leo tungekuwa tunaitaja.

Onyo. Kama ulichonacho ni uvumbuzi unaotaka kuuombea hataza, usiuoneshe hadharani kabla ya kuwasilisha ombi. Sharti la kwanza la hataza ni upya, na kitu kilichokwisha oneshwa kwa umma kinaweza kuhesabiwa si kipya tena, hata kama aliyekionesha ni wewe. Nane Nane, Sabasaba, mashindano ya ubunifu ya MAKISATU, video ya TikTok, mahojiano ya redio: yote ni hadharani. Jaribu kwa watu waliosaini mkataba wa kutunza siri, au wasilisha ombi kwanza ndipo uende bandani. Zipo sheria zinazotoa msamaha wa muda kwa mvumbuzi aliyejitangaza mwenyewe, lakini hazifanani nchi na nchi. Usipange safari kwa kuzitegemea.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya kimoja

Chukulia achari ya embe, chupa 100. Bei ni za mfano, weka za kwako:

- Embe na viungo: 60,000
- Mafuta na siki: 45,000
- Chupa na vifuniko: 50,000
- Lebo: 12,000
- Gesi: 10,000
- Vibarua: 30,000
- Usafiri: 13,000

Jumla 220,000, yaani shilingi 2,200 kwa chupa. Dukani itauzwa 4,000, mwenye duka anataka 800 yake, wewe unapokea 3,200. Kwa haraka unaona faida 1,000 kila chupa. Sasa toa chupa 10: mbili zilivunjika njiani, tano umegawa za kuonjwa, tatu zimerudishwa kwa sababu mafuta yalivuja yakachafua lebo. Umeuza 90, umepata 288,000. Faida ni 68,000. Ukiigawa kwa chupa zote ulizotengeneza ni 680, si 1,000.

Na hapo hujalipa pango, simu, wala mshahara wako. Ada za usajili, lebo za kisasa, vipimo vya maabara, vyote vinatoka kwenye 680 hiyo. Kama haitoshi, rekebisha sasa: chupa ndogo, kifuniko kisichovuja, kununua embe msimu wa wingi. Alama iliyosajiliwa haiokoi bidhaa inayouzwa kwa hasara.

Hatua ya 6: Sajili alama ya biashara

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu kwa wengi wenu hii ndiyo mali kubwa mtakayowahi kumiliki, kuliko hataza. Uvumbuzi unaweza kupitwa mwakani. Jina ambalo watu wanalitaja dukani bila kufikiri linaweza kupita kwa watoto wako. Angalia Azam: jina moja limekaa juu ya aiskrimu, unga, boti za Unguja, televisheni na timu ya mpira. Kila anayeamini boti anaibeba imani hiyo mpaka kwenye juisi.

1. Chagua jina linaloweza kumilikiwa. "Achari Tamu" au "Asali Safi" yanaeleza tu bidhaa. Kila muuzaji ana haki ya kusema achari yake tamu, kwa hiyo msajili atakukatalia. Majina ya miji nayo ni magumu, na alama za taifa usiziguse. Jina la kubuni, au neno la kawaida lisilohusiana na bidhaa, ndilo lenye nguvu.

2. Chagua madaraja. Bidhaa na huduma zimegawanywa katika madaraja 45 ya kimataifa: 1 hadi 34 ni bidhaa, 35 hadi 45 ni huduma. Ulinzi wako unakaa ndani ya madaraja uliyolipia. Mboga na matunda ya kusindika, pamoja na achari, vipo daraja la 29. Sosi ya pilipili ipo la 30. Juisi 32, sabuni 3, nguo 25, mashine 7, mgahawa 43. Mama wa achari anayeuza na sosi ya pilipili ana madaraja mawili, na nimeona watu wakisajili moja wakidhani wamemaliza.

3. Jaza ombi ORS. Pakia nembo safi, orodhesha bidhaa kwa majina yake ("achari ya embe, achari ya ndimu"), lipa. Tarehe ya kuwasilisha ina uzito mkubwa. Ihifadhi pamoja na namba ya ombi.

4. Subiri uchunguzi na tangazo. Msajili akikubali, alama inatangazwa kwenye jarida la BRELA. Kuanzia hapo yeyote ana siku 60 za kuweka pingamizi. Zikipita kimya unakamilisha na kupata cheti.

5. Weka ukumbusho wa kuhuisha. Tanzania Bara usajili wa kwanza ni miaka 7, kisha unahuisha kwa miaka 10 kila mara, bila kikomo. Kenya ni 10 tangu mwanzo. Na itumie: alama inayokaa kabatini inaweza kuombewa ifutwe.

Onyo la jina la biashara. Cheti cha jina la biashara, na hata usajili wa kampuni, si alama ya biashara. Vyote vinatoka BRELA na ndiyo maana vinachanganywa. Jina la biashara linaeleza nani anafanya biashara. Halimzuii mwingine kuweka jina hilo kwenye chupa yake. Mwenye duka, mwenye saluni, mwenye achari: kama una cheti cha jina la biashara tu, hujalinda chapa yako.

Onyo la mipaka. Usajili wa BRELA unaishia Bara. Boti ikivuka kwenda Unguja unahitaji BPRA. Lori likivuka Namanga unahitaji KIPI. Mkataba wa Paris unakupa nafasi nzuri: ukishawasilisha nyumbani, una miezi 6 kwa alama na miezi 12 kwa hataza kuwasilisha nchi nyingine zilizo kwenye mkataba ukahesabiwa tarehe yako ya kwanza. Kama una mpango wa kuuza nje, itumie. Katika miaka ya 2000 kampuni ya Uingereza iliomba kusajili kule neno "Kikoy", na Wakenya wakalazimika kupinga ili wauza vikoi wa pwani wasizuiwe kutumia jina la vazi lao wenyewe. Ombi lile halikufika mbali, lakini lilihitaji watu wa kulisimamia.

Hatua ya 7: Kama ni uvumbuzi, amua kuhusu hataza

Hataza hutolewa kwa kitu kipya, chenye hatua ya kiubunifu ambayo fundi wa kawaida asingeifikia kirahisi, na kinachoweza kutengenezwa au kutumika kiwandani. Kwa Tanzania Bara hataza ya BRELA ni ya miaka 10 na inaweza kuongezwa. Kenya ni 20. Kwa nchi kadhaa mara moja, Itifaki ya Harare ya ARIPO, shirika la miliki ubunifu la kanda ya Afrika, inakuruhusu ombi moja kutaja nchi wanachama unazozitaka. Uboreshaji mdogo wa kifaa kilichopo nao una kinga yake, yenye masharti mepesi na muda mfupi zaidi. Mafundi wetu wengi wanafaa huko, na hawaulizii.

Sehemu ya ombi inayoitwa madai ndiyo mpaka wa shamba lako. Ikiandikwa vibaya, jirani anahamisha bolti moja na yuko nje ya mpaka. Hapa tafuta wakala wa hataza au wakili anayejua kazi hii; ni mahali pa kutumia fedha. Kama uko chuoni, anza na ofisi ya chuo inayoshughulikia ubunifu, na COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, nao hupokea wabunifu.

Jiulize pia kama unaihitaji kweli. Ada za kila mwaka hulipwa kuitunza, na siku ya kuvamiwa lazima uwe na nguvu ya kushitaki. Kama siri haiwezi kugunduliwa kwa kuifungua bidhaa, kuitunza kama siri huenda kukawa bora.

Hatua ya 8: Andikishana na kila aliyegusa kazi

Aliyechora nembo, aliyeandika msimbo, aliyepiga picha za tangazo, ndugu aliyetoa mtaji. Karatasi moja ya Kiswahili inatosha: kazi gani imefanywa, amelipwa kiasi gani, na kwamba haki zote za kazi hiyo zimehamia kwako. Sahihi mbili, mashahidi wawili, tarehe. Ifanye *kabla* ya kumlipa salio. Mchoraji wa Kariakoo anayekutengenezea lebo akupe na faili la asili, lile linaloweza kukuzwa, na akuhakikishie kwamba picha ya embe hakuitoa intaneti.

Kwa wabia, andika asilimia na pia andika itakuwaje mmoja akiondoka. Alama isajiliwe kwa jina la nani? Kama mna kampuni, iwe ya kampuni. Kuna biashara nzuri zimekufa kwa sababu nembo ilikuwa kwa jina la mbia aliyejitoa.

Hatua ya 9: Chagua pesa itaingiaje

Kutengeneza na kuuza mwenyewe ni njia moja tu. Unaweza kumpa mwingine leseni atumie ubunifu wako akulipe mrabaha, au ukauza haki moja kwa moja.

Dk. Askwar Hilonga wa Arusha, aliyeshinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi mwaka 2015 kwa chujio lake la maji, alikabiliwa na jambo linalowakabili wengi: wanaohitaji sana chujio ndio wasioweza kulinunua. Njia iliyotumika ni kuwapa chujio wajasiriamali wanaouza maji safi kijijini kwa bei ndogo. Mteja ananunua lita, hanunui mtambo. Fikiria bidhaa yako kwa namna hiyo. Fundi wa mashine ya muhogo anaweza kukosa wanunuzi kumi wa mashine, ilhali akina mama mia wako tayari kulipia kila gunia.

Kuhusu leseni, turudi kwa M-Pesa. Kwa miaka mingi Safaricom iliilipa Vodafone ya Uingereza ada ya kutumia mfumo na jina hilo, pamoja na kwamba wateja na mawakala walikuwa Kenya. Ada hiyo ilikoma baada ya Safaricom na Vodacom kununua haki hizo kwa ubia mwaka 2020. Anayemiliki haki hulipwa hata akiwa mbali. Ukitoa leseni, andika: eneo, muda, bidhaa gani, asilimia ya mauzo (ya mauzo, kwa sababu "faida" ni rahisi kuifanya ionekane sifuri), haki yako ya kukagua vitabu, na nini kinavunja mkataba.

Hatua ya 10: Vaa bidhaa, ingia sokoni

Chakula na vipodozi vinakwenda TBS, Shirika la Viwango, ambako kazi hiyo ilihamia kutoka iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, mwaka 2019. Anzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, la mkoa wako: wana mafunzo, na barua yao ya utambulisho humsaidia mjasiriamali mdogo anapoomba nembo ya ubora. Msimbo wa mistari (barcode) utaupata GS1 Tanzania. Wa kwetu huanza na 620. Supamaketi hazitakupokea bila huo. Leseni ya biashara ni halmashauri.

Usichapishe lebo elfu tano kabla TBS hawajapitia maandishi yake.

Mambo yakikwama

*Msajili amekataa alama.* Soma sababu. Kama ni "inaeleza bidhaa tu", jaribu kujibu kwa ushahidi wa matumizi ya muda mrefu, au badilisha jina. Kama ni "inafanana na nyingine", angalia daraja na bidhaa za huyo mwingine. Wakati mwingine kupunguza orodha yako ya bidhaa kunatatua. Jibu ndani ya muda uliotajwa.

*Mtu kawahi kusajili jina ninalolitumia.* Kama bado liko kwenye tangazo, weka pingamizi ndani ya siku 60 ukiwa na risiti, ankara na picha zenye tarehe. Kama limeshasajiliwa, muone wakili kuhusu kuomba lifutwe, na wakati huo huo piga hesabu ya kubadilisha jina. Ukiwa na maduka matano ni nafuu kubadilisha kuliko kushitaki. Ukiwa na mia tano, pigana.

*Nimekuta bidhaa yangu bandia sokoni.* Usigombane na muuzaji, atawaonya wenzake. Nunua moja, dai risiti ya EFD, piga picha duka na mzigo, kisha peleka pamoja na cheti chako Tume ya Ushindani, FCC. Kenya ni Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia. Bila cheti cha alama utasikilizwa, ila hutafika mbali.

*Mwekezaji hataki kusaini mkataba wa siri.* Ni kawaida, wanasikiliza watu wengi. Mweleze inafanya nini, onesha wateja waliolipa na hesabu ya hatua ya 5. Namna inavyofanya kazi atajua akishaweka mezani barua ya nia, inayoonesha kwamba kweli anataka kuwekeza.

*Mwajiri au chuo kinadai ubunifu ni wake.* Soma mkataba wa ajira na sera ya chuo kabla ya kubishana. Kama ulitumia maabara na muda wao, huenda wana haki kweli. Jadili mgao na leseni ya wewe kuuanzisha kibiashara. Daftari la hatua ya 1 ndilo litakaloonesha nini ulifanya nyumbani.

*Bidhaa inatoka ila pesa siioni.* Angalia mali kauli. Maduka yanayochukua na kulipa baada ya miezi miwili yanakula mtaji wako. Toa kidogo, kwa maandishi, na duka lisilolipa mzigo wa kwanza lisipate wa pili.

*Ombi langu BRELA limekaa kimya.* Ingia ORS kwa akaunti yako uone hali ya ombi. Mara nyingi kuna hoja inayosubiri majibu au malipo ambayo hayakukamilika. Kama hakuna, andika barua pepe ukitaja namba ya ombi, au fika ofisini nayo. Kama aliyekujazia ndiye mwenye akaunti, mtafute leo akukabidhi.